Feza ya Serikali katika mfuko wa huruma

Wahenga wamesema: Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hii yafaa kuwazwa na kila padri na kila katekista anayeandika barua kuomba msaada wa ng'ambo kwa ajili ya kisima au zahanati. Feza ya shirika la huruma pengine yatoka katika kapu la Kwaresima, pengine yatoka katika sanduku la Serikali. Na sanduku la Serikali halifunguliwi pasipo masharti. Tutazame historia.

Tuanze kwetu. Tarehe 26 Mei 1906 Vatikano ilifanya mapatano na Leta ya Kongo, iliyokuwa ya mfalme Leopold II. Leta iliahidi kuzipa misioni za kikatoliki hekta 100 za udongo kila moja, pengine mpaka 200, bure na kwa siku zote. Misioni nazo ziliahidi kufungua shule za kufundisha kilimo na kazi za mikono. Lakini programu ya masomo ilipaswa kupelekwa kwa Gavana Mkuu, na lugha za Ubelgiji ziliwekwa kuwa sehemu kubwa ya masomo hayo. Tena Leta iliweza kuwaagiza wapadri kuandika habari za inchi, za makabila na za lugha. Shule zilistawi, na hatuukani wema huo. Lakini mapatano ya namna hiyo yalifanya iwe vigumu kwa watu wengi kupambanua padri na Bula Matari.

Mashirika makubwa ya msaada yaliyozaliwa nyuma yalikutana na shauri lilelile. Huko Marekani, wakati wa vita kuu ya pili, Serikali iliweka mwaka 1942 baraza la kusimamia mashirika yaliyokusanya feza kwa ajili ya inchi za ng'ambo. Pasipo ruhusa yake hayakuweza kukusanya. Mwaka 1943 maaskofu wa Marekani wakaunda shirika lao, ambalo tangu 1955 laitwa Catholic Relief Services.

Mwaka 1954 ikatoka sheria nambari 480. Wakulima wa Marekani walikuwa wamevuna kupita mahitaji, magala yakajaa, bei ikawa mashakani. Sheria ikaruhusu chakula hicho kiuzwe ng'ambo kwa masharti mepesi, na kingine wapewe mashirika ya huruma wakigawe bure. Shirika la maaskofu likapata hivyo uwezo mkubwa kuliko mchango wa waamini peke yake. Wenye njaa walikula, nasi twashukuru. Lakini si njaa peke yake iliyoamua meli ziende bandari gani: sheria ilitazama pia soko la wakulima na siasa ya Marekani.

Hatari ikaonekana katika Vietnam ya Kusini. Shirika lilikuwa limewasaidia wakimbizi wengi tangu 1954. Lakini vita vilipozidi, sehemu ya chakula chake iliwafikia wanamgambo waliopigana upande wa Serikali ya Saigon. Mwaka 1967 gazeti la National Catholic Reporter lilitangaza habari hiyo, na Wakatoliki wa Marekani wakagawanyika: mkate wa huruma waweza kuwa posho ya askari?

Wajerumani walijaribu njia nyingine. Mwaka 1958, kwa shauri la Kardinali Frings wa Köln, maaskofu wao waliunda Misereor, mfuko wa kupigana na njaa na magonjwa ulimwenguni. Serikali yao ilipotaka kutoa feza kwa njia ya Makanisa, maaskofu hawakuichanganya na sadaka za waamini. Mwaka 1962 ikaundwa ofisi ya pekee ya kuipokea, nao Waprotestanti wakaunda yao. Feza hiyo haitumiwi kwa kazi ya kuhubiri, na hesabu zake zapaswa kuonyeshwa. Lakini Kanisa ndilo linalochagua kazi na kuzipeleka Serikalini. Serikali yaweza kukataa, haiwezi kutunga kazi na kulibebesha Kanisa.

Hata hivyo mapatano mazuri hayaondoi utegemezi. Leo sehemu kubwa ya feza inayopita kwa Misereor yatoka Serikalini. Na mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha gafula misaada yake ya ng'ambo, na shirika la maaskofu lilikuwa likipata huko karibu nusu ya feza yake. Kazi zilizojengwa miaka mingi zikakatizwa, wala hawakuulizwa wagonjwa wala wakulima waliozitegemea.

Tufuate nini basi? Hatusemi feza ya Serikali ni najisi. Kodi nayo ni jasho la watu, na njaa haingoji. Ila mbele ya kutia sahihi tuulize maneno matatu: Nani anachagua kazi? Nani anaweza kuikatiza? Na sisi wenyewe tumetia nini? Parokia iliyotoa matofali, mchanga na mikono yake yaweza kubishana na mfazili pasipo woga, na akiondoka, ukuta utabaki na wenye kuutunza. Lakini parokia iliyongoja kila kitu kutoka ng'ambo itapokea pamoja na mfuko wa unga nia ya yule aliyeutuma. Ndugu zetu mnaojitayarisha kwa upadri, jifunzeni kusoma mapatano kwa uangalifu kama mnavyosoma vitabu vya teolojia. Maskini wetu wana haki ya kujua mkate wao umefungwa kwa kamba gani.