Aldabra: Historia ya Ukaaji Katika Kisiwa Kisicho na Maji

Aldabra ni atoli, yaani mviringo wa visiwa vya matumbawe unaozingira maji ya bahari yaliyotulia katikati, na ingawa ni sehemu ya Shelisheli, iko zaidi ya kilomita 1,100 kusini-magharibi mwa Mahé, mbali na makao makuu yake kuliko ilivyo mbali na Madagaska au na pwani ya Afrika Mashariki. Visiwa vyake vikubwa ni vinne, Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie, navyo vimetenganishwa na milango ambamo maji hupita kwa kasi ya kutisha wakati wa bamvua. Sehemu kubwa ya nchi kavu yake haipandi zaidi ya mita 8 hivi juu ya bahari, nayo ni mwamba wa matumbawe ya kale ulioliwa na mvua na chumvi hata ukabaki ncha kali zinazochana soli za viatu. Mto hakuna, wala chemchemi ya kutegemewa mwaka mzima. Ukame na ukali huo wa mwamba, pengine zaidi ya umbali wenyewe, ndio uliowazuia watu kuigeuza Aldabra kuwa shamba au mji.

Umbali peke yake haukuwa kinga. Katika Bahari ya Hindi kobe wakubwa waliwahi kuishi pia Mauritius, Réunion na Rodrigues, lakini kwa kuwa mnyama huyu huweza kukaa miezi ndani ya jahazi bila chakula wala maji, mabaharia walimfanya akiba ya nyama, na kufikia katikati ya karne ya 19 kobe wa visiwa hivyo walikuwa wametoweka. Mwaka 1874 wanasayansi mashuhuri wa Uingereza, miongoni mwao Charles Darwin, Joseph Hooker na Richard Owen, walimwandikia gavana wa Mauritius, ambaye wakati huo Shelisheli ilikuwa chini yake, wakimsihi awalinde kobe wa Aldabra. Hata hivyo kisiwa kilikodishwa, na vibarua kutoka Shelisheli waliletwa Picard kwa mikataba, wakakausha mbata, wakakata mikoko, wakatia samaki chumvi na kuwinda kasa. Hao ndio waliotangulia kukaa Aldabra kwa muda mrefu, japo vitabu vya wataalamu huwapa mistari michache tu.

Hatari kubwa zaidi ilitoka kwa serikali. Mnamo Novemba 1965 Uingereza iliitenga Aldabra na Shelisheli, ikaiunganisha na visiwa vya Chagos na vingine viwili kuwa koloni jipya lililoitwa Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, kwa nia ya kujenga humo uwanja wa ndege za kijeshi. Wataalamu walipinga, wakieleza kwamba barabara ya ndege ingeangamiza viumbe wasiopatikana kwingineko, na kwamba makundi makubwa ya ndege wa baharini yangekuwa hatari kwa ndege za kivita zenyewe. Mbunge Tam Dalyell aliibana serikali bungeni kwa maswali mfululizo. Uamuzi, hata hivyo, ulifikiwa pale thamani ya pauni iliposhushwa tarehe 18 Novemba 1967 na mpango ukafutwa siku chache baadaye. Ni vigumu kuamini kwamba hoja za wasomi, hata zingekuwa nzito kiasi gani, zingefua dafu bila upungufu huo wa fedha. Kituo cha kijeshi kilikuja kujengwa Diego Garcia, katika Chagos, ambako wakazi waliondolewa kati ya 1968 na 1973, na watu hao hawakupata watetezi wa uzito ule waliopewa kobe.

Wakati mabishano yakiendelea, msafara wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, ulikuwa umekwisha kutia nanga mwaka 1967, na David Stoddart alikuwa mmoja wa waliouongoza. Msafara huo uligawanywa katika awamu ili watafiti wapokezane, wauone msimu wa mvua na wa ukavu pia, na mwaka 1971 kikafunguliwa kituo cha kudumu cha utafiti huko Picard, ambacho wakaaji wake huishi kwa maji ya mvua na kwa vyakula viletwavyo kwa meli. Mambo waliyoyagundua hayangeonekana kwa mgeni wa wiki mbili. Walibaini kwamba kobe hula nyasi na mimea midogo mpaka ikajizoeza kukua chini kabisa na kuzaa mbegu karibu na udongo, nje ya kufikiwa na midomo yao. Tena kobe asiyepata kivuli saa za mchana hufa kwa joto, na kwa kuwa wengi husongamana chini ya miti michache na kuila au kuiharibu, kivuli kinachowaponya hupungua kwa sababu yao wenyewe.

Ajabu nyingine ni historia inayoonekana kwa ndege mdogo wa jamii ya kiluwiri, asiyeruka, ambaye ndiye wa mwisho wa aina hiyo katika Bahari ya Hindi. Utafiti wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba ndege wa asili hiyo hiyo kutoka Madagaska walifika Aldabra na kupoteza uwezo wa kuruka mara mbili, kabla na baada ya atoli kuzama baharini yapata miaka 136,000 iliyopita.

Mawasiliano ya Aldabra na pwani ya Waswahili ni ya kweli, ingawa machache. Kobe wa Changuu, Zanzibar, wametokana na wanne waliotolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, na Desemba 2004 kobe mkubwa alitoka baharini Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, akiwa ameotwa miguuni na wanyama wadogo wa baharini wenye magamba, dalili ya kuelea kwa muda mrefu.

Aldabra ilirejeshwa kwa Shelisheli ilipojipatia uhuru mwaka 1976, na mwaka 1982 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Leo ina kobe takriban 100,000, na mbuzi waliokuwa wakishindana nao kwa malisho walimalizwa mwaka 2012. Taka za plastiki hazikumalizika: mwaka 2019 kikosi cha kujitolea kilikusanya tani 25 kwa wiki tano, nyingi zikiwa kamba na nyavu za uvuvi pamoja na ndara, na makadirio ya kilichosalia yalikuwa tani 500.