Magenge ya Pikipiki na Damu ya Quebec

Genge la Hells Angels lilizaliwa California mwaka 1948 na kufika Montreal, Kanada, mwaka 1977. Kufikia miaka ya 1990, pikipiki ilikwisha kuwa nembo tu. Riziki ilitoka katika dawa za kulevya.

Mwaka 1994 vita vya kugombea soko hilo vilizuka kati yake na genge la Rock Machine. Hadi 2002, zaidi ya watu 150 walikuwa wameuawa. Wahalifu walipouana wao kwa wao, wengi waliona hayawahusu. Lakini Agosti 1995 bomu lililotegwa garini lilimjeruhi mtoto wa miaka 11 aliyekuwa akicheza jirani. Akafariki siku chache baadaye. Ndipo umma ulipopaza sauti, na mwaka 1997 Bunge likapitisha sheria dhidi ya magenge.

Mwaka huohuo kiongozi wa genge, Maurice Boucher, aliagiza askari magereza wawili wauawe, ili kuvitisha vyombo vya haki. Aliachiwa huru 1998; kesi iliposikilizwa upya, akafungwa maisha mwaka 2002.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tujiulize basi: kwa nini sheria ilingoja jeneza la mtoto?