Tunavyokumbuka: Historia ya Sehemu Ndogo ya Ubongo

Mada yetu leo ni kumbukumbu.

Je, umewahi kumtuma mtoto dukani akarudi mikono mitupu kwa sababu amesahau alichotumwa? Ulimwambia nini? Wengi wetu husema, "Huyu mtoto ni mvivu," au "Huyu hana akili." Kabla hujasema hivyo tena, hebu tuone jinsi wataalamu walivyogundua ni sehemu gani ya ubongo inayotuwezesha kukumbuka. Ni historia ndefu, na ndani yake mna mafunzo kwa kila nyumba.

Farasi wa baharini

Daktari Giulio Cesare Aranzi wa mji wa Bologna, Italia, aliandika mwaka 1587 juu ya kitu kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo. Kiko upande wa kulia na upande wa kushoto, karibu usawa wa masikio. Umbo lake lilimkumbusha samaki mdogo aitwaye farasi wa baharini, naye akakipa jina la samaki huyo kwa lugha ya kale. Ndiyo sababu mpaka leo kinaitwa hipokampasi. Mimi na wewe tunazo mbili kila mmoja.

Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kwa hakika kazi yake. Wengi walidhani inahusika na kunusa. Jibu lilikuja kwa uchungu wa mtu mmoja.

Henry aliyepoteza leo yake

Mtu huyo ni Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926. Alisumbuliwa na kifafa tangu utotoni, na dawa hazikumsaidia. Alipokuwa mtu mzima kifafa kilimzidi hata kazi ikamshinda. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville wa mji wa Hartford alimpasua na kuondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili pamoja na sehemu zilizo jirani. Nia ilikuwa kumponya.

Kifafa kilipungua sana. Lakini Henry hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Hakuwatambua wahudumu wa hospitali waliokuwa wakimtunza kila siku. Nusu saa baada ya kula chakula cha mchana hakuweza kutaja hata kitu kimoja alichokula.

Mtaalamu Brenda Milner alisafiri kutoka Montreal, Kanada, kwenda kumpima. Kila alipofika, Henry alimsalimu kama mgeni. Lakini Milner aliona mambo ya ajabu. Henry alizungumza vizuri, akili yake ilikuwa timamu, na alikumbuka mambo mengi ya utoto wake. Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kazi hiyo ni ngumu. Kwa siku tatu Henry alizidi kuiweza, ingawa kila siku alisema hajawahi kuifanya!

Milner na Scoville waliandika matokeo yao mwaka 1957. Dunia ikajifunza mambo mawili. Kwanza, kumbukumbu haiko ya aina moja: kuna ya mikono, kama kusuka nywele au kuendesha baiskeli, na kuna ya matukio, kama nani alikuja jana na alisema nini. Pili, bila hipokampasi matukio mapya hayawekwi. Scoville mwenyewe aliwaonya madaktari wenzake wasiondoe zote mbili tena. Henry aliendelea kukubali kupimwa kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82. Hapo ndipo jina lake kamili lilipotangazwa.

Watoto watatu

Sasa mama, sikiliza kwa makini. Mwaka 1997 Faraneh Vargha-Khadem na wenzake wa London walieleza habari za vijana watatu ambao hipokampasi zao ziliumia mapema. Mmoja aliumia wakati wa kuzaliwa, moyo wake ulipokosa kupiga kwa dakika kadhaa. Wa pili aliumia akiwa mdogo, na wa tatu akiwa na miaka 9.

Wote walisoma katika shule za kawaida. Walijua kuzungumza, kusoma na kuandika. Lakini hawakuweza kueleza siku yao ilikwendaje, hawakukumbuka ahadi, na walipotea hata mahali walipopazoea. Mtu akiwaona angesema wanajifanya. Kumbe ni ubongo uliokuwa umeumia, na jeraha lisiloonekana kwa macho.

Kumbukumbu inavyorudi

Je, seli za ubongo hufanyaje kazi hiyo? Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walichapisha majaribio waliyofanya kwa sungura huko Oslo, Norwe. Waliposisimua njia ya seli za hipokampasi kwa haraka, miunganisho kati ya seli iliongezeka nguvu, na nguvu hiyo ilidumu kwa saa nyingi. Ni kama njia ya kwenda mtoni: kadiri inavyopitwa ndivyo inavyofunguka.

Fikiria shanga zilizotungwa kwenye uzi. Siku ya harusi ya dada yako uliona kanga zake, ukasikia vigelegele, ukanusa pilau. Kila shanga imewekwa sehemu yake ya ubongo: ya kuona, ya kusikia, ya kunusa. Hipokampasi ndiyo uzi. Miaka ikapita, ukanusa pilau kwa jirani. Shanga moja imevutwa, na nyingine zinafuata. Harusi nzima inarudi.

Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani na Israeli walilishuhudia jambo hili kwa wagonjwa wa kifafa waliowekewa nyaya nyembamba ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu. Wagonjwa walionyeshwa filamu fupifupi. Baadaye, walipoombwa kutaja walizokumbuka, seli zilezile zilizoamka wakati wa kutazama ziliamka tena, punde tu kabla mgonjwa hajaitaja filamu hiyo.

Usingizi nao una kazi yake. Mwaka 1994 ilionekana kwamba panya akilala, seli za hipokampasi zilizofanya kazi pamoja mchana hurudia kuamka pamoja. Mtoto aliyelala vizuri anaendelea kuyaweka masomo yake.

Nyumbani kwako

Mama, tuchukue nini katika historia hii?

Jifungulie mahali penye mhudumu aliyefunzwa. Mtoto akichelewa kupumua, kila dakika ina thamani.

Jikinge na malaria. Utafiti uliofanywa Kilifi, hapa kwetu Kenya, ulionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya kumbukumbu, lugha au kifafa. Mlaze mtoto ndani ya chandarua, na akipata homa mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akipatwa na degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mkimbize kituo cha afya. Usipoteze muda kutafuta aliyemroga.

Mtoto akisahau, mpe shanga ya kuvuta. Badala ya kumfokea, muulize, "Ulipotoka hapa ulipita wapi? Nilikuwa ninapika nini?" Jioni mwambie akusimulie aliyojifunza shuleni bila kutazama daftari. Kila akikumbuka, njia inafunguka.

Lakini ikiwa anasahau kila siku, hasa kama aliwahi kuugua sana au kupata degedege, zungumza na mwalimu na daktari. Fimbo haiponyi ubongo.

Na nyanya anayeuliza swali lilelile mara tano asubuhi moja? Ugonjwa wa Alzheimer huharibu hipokampasi mapema. Huenda anakumbuka vizuri mahari yake ililipwaje, lakini hajui kama amekunywa chai. Hakusumbui kwa makusudi. Mjibu kwa upole na umpeleke apimwe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini Henry aliweza kujifunza kuchora nyota lakini hakukumbuka kwamba aliwahi kuichora?
2. Katika kijiji chenu, mtoto anayesahau huitwaje? Majina hayo yanamsaidia?
3. Mtoto akipatwa na degedege usiku, mtampeleka wapi, na kwa usafiri gani? Pangeni leo.