Kwa nini shabiki wa taarabu hurudi kuona onesho lilelile?

Kila Idd inapokaribia, matangazo ya taarabu hujaa kwenye kuta na kwenye vipaza sauti vya magari, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza, Pangani na Korogwe. Kikundi kinapiga Idd mosi mji huu, Idd pili mji ule. Nyuma yake hufuata mashabiki, na baadhi yao wameliona onesho hilohilo usiku uliopita.

Swali hili hutufikia mara kwa mara kwenye vipindi vyetu, na aghalabu huulizwa na mume, mzazi au mwenzake shabiki: mtu aliyekwisha kuzihifadhi nyimbo zote, na anazo kwenye simu, anafuata nini mara ya tatu?

Jibu fupi ni kwamba katika taarabu mtazamaji ni sehemu ya onesho. Akibadilika aliyekaa mbele, na akibadilika anayeinuka kutunza, wimbo uleule hubeba maneno mapya. Hapa chini tunaeleza jinsi jambo hilo linavyofanya kazi, lilikoanzia, na lina gharama gani kwa anayelifuata.

Taarabu ilifikaje hapa

Taarabu ya pwani yetu ilianzia Unguja. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta muziki wa Misri katika jumba lake. Mwaka 1905 kilianzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Ulikuwa muziki wa udi, fidla, nai na ganuni, na wasikilizaji walikaa kwa utulivu.

Aliyeutoa muziki huo kwenye nyumba za wakubwa na kuufikisha kwa watu wa kawaida ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Sahani hizo zilivuka bahari na kusikika pwani nzima.

Tanga ilikuwa na mchango wake. Katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya Black Star na Lucky Star vya mjini Tanga vilipunguza idadi ya wapigaji, vikaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, na kuongeza mwendo wa ngoma ili mtu aweze kuinuka na kucheza. Mwimbaji aliyejulikana sana kutoka huko ni Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, ambaye baadaye aliimba na JKT Taarab jijini Dar es Salaam. Alifariki Agosti 2016. Nyimbo za Tanga zilipigwa redioni, zikavuka hadi Mombasa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi yake zilitolewa kwenye sahani nchini Uingereza.

Mwendo ulipoongezeka, watu waliacha kukaa tu. Waliinuka, na walipoinuka walianza kuonekana. Hapo ndipo shabiki alipopata nafasi yake.

Usiku mmoja wenye kila kitu

Miaka ya 1990 ilileta jambo jingine. Vikundi vikubwa vya Dar es Salaam, hasa Muungano Cultural Troupe chini ya Norbert Chenga na Tanzania One Theatre, au TOT, chini ya Kapteni John Komba, vilitoa burudani ya usiku mzima. Kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma za asili, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Kwa wale wanaosikia habari za tamthilia za muziki za Ulaya na Marekani, hiki ndicho kilichokaribia zaidi kitu hicho katika nchi yetu.

Ushindani wa vikundi hivyo viwili ulikuwa mkali. Khadija Kopa aliimba upande wa TOT, Nasma Khamis upande wa Muungano. Kikundi kimoja kikitoa wimbo, kingine kilijibu. Nyimbo hizo za kurushiana maneno ziliitwa mipasho. Shabiki aliyekosa onesho la wiki hii hakuelewa jibu la wiki ijayo. Ilimbidi ahudhurie mfululizo, kama mtu anayefuatilia ligi ya mpira.

Vikundi vilivyofuata, kama East African Melody na Jahazi ya Mzee Yusuf, viliendeleza mtindo huo wa taarabu ya kisasa yenye kinanda na nyimbo ndefu.

Kwa nini usiku wa pili haufanani na wa kwanza

Kwenye simu, wimbo una urefu wake na haubadiliki. Ukumbini hauna urefu. Foleni ya wanaokwenda kutunza ikiwa ndefu, wapigaji hurudia kiitikio, na mwimbaji hurudia ubeti uliowaamsha watu. Foleni ikikatika, wimbo huishia hapo. Kwa hiyo wimbo uliochukua dakika 10 Muheza unaweza kuchukua 20 Tanga mjini.

La pili ni mafumbo. Shairi la taarabu halisemi jambo waziwazi. Linataja ua, chombo, ndege au mvua, na msikilizaji ndiye anayelitafuta lengo. Mara ya kwanza husikia sauti, mara ya pili husikia maneno, na mara ya tatu huenda akagundua kwamba ubeti alioudhani ni wa mapenzi ni wa mtu aliyekula fedha za wenzake.

La tatu ni wenzake. Akina mama wengi huenda kwa kundi, wameshona sare moja au wamevaa kanga za doti moja. Wameweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya siku hiyo. Mmoja wao akikosa, pengo linaonekana. Kwa mwanamke aliyeshinda shambani au kwenye biashara ya samaki mwezi mzima, usiku huo ni nafasi ya kuketi na wenzake bila kutumwa na mtu.

La nne ni kujulikana. Shabiki anayerudi huanza kutambuliwa na mwimbaji, na huenda akatajwa jina kwenye kipaza sauti mbele ya watu wote. Wapo wanaoliona hili kuwa jambo dogo. Kwa mtu ambaye jina lake halitajwi popote ila kwenye daftari la madeni la dukani, si dogo.

Kutunza: noti inayosema

Kutunza ni kumpa mwimbaji fedha akiwa anaimba. Shabiki huinuka, hucheza taratibu kuelekea jukwaani akiwa ameinua noti mkononi, humkabidhi mwimbaji, kisha hurudi kwa mwendo uleule.

Mgeni hudhani ni zawadi tu kwa mwenye sauti nzuri. Mwenyeji huangalia mambo matatu: nani ameinuka, ameinuka kwenye ubeti upi, na uso wake ameuelekeza wapi. Mtu akisubiri mpaka mwimbaji afike kwenye maneno ya mke mwenza, kisha akainuka na noti huku akitazama meza fulani, amesema jambo bila kufungua mdomo. Akiulizwa kesho yake, atajibu kwamba aliupenda wimbo tu.

Kelly Askew, mtafiti wa Marekani aliyeishi Tanga na kuimba na vikundi vya huko, aliandika kwa kirefu juu ya desturi hii katika kitabu chake cha mwaka 2002. Alionesha kwamba kutunza ni namna ya watu kuzungumza hadharani mambo ambayo adabu ya pwani haiwaruhusu kuyasema kwa maneno makavu. Mwimbaji anatoa ubeti, na shabiki ndiye anayeupa anuani.

Ndiyo maana wimbo mmoja hauishi. Mwaka huu una ugomvi wa mpaka wa shamba, mwaka ujao una harusi iliyovunjika. Wimbo ni uleule, anuani imebadilika.

Fedha hizo ni za nani? Hutofautiana. Baadhi ya vikundi humwachia mwimbaji anachopewa mkononi, vingine hukusanya na kugawana. Kwa vyovyote, kwa msanii asiye na mshahara mkubwa, shabiki anayerudi ni tegemeo kuliko yule aliyekuja mara moja kushangaa.

Kijembe kikivuka mpaka

Lugha hii ina hatari yake. Aliyelengwa anaweza kujibu palepale kwa noti kubwa zaidi, na wawili hao wakaendelea mpaka fedha ya unga wa watoto ikaishia jukwaani. Anaweza pia kumngoja mwenzake nje. Fumbo likishaeleweka na wote si fumbo tena, na ugomvi uliofichwa kwa miaka huibuka mbele ya mji mzima.

Wazee wa pwani waliweka kipimo kizuri: kijembe kiwe cha kumfanya aliyeguswa afikiri, kisiwe cha kumvua nguo. Ukiona mwenzako amekusudia kujibu kwa hasira, mshike mkono aketi. Wimbo utarudi Idd ijayo.

Wenzetu wa mbali nao hurudi

Tabia hii si ya pwani peke yake. Mjini New York, tamthilia ya muziki iitwayo The Phantom of the Opera ilioneshwa katika ukumbi mmoja kuanzia Januari 1988 hadi Aprili 2023, zaidi ya mara 13,000. Onesho haliwezi kuishi miaka 35 kwa wageni peke yao, na wapo waliorudi tena na tena. Mwaka 1996 tamthilia nyingine, Rent, iliweka viti vya mbele kwa dola 20 ili watu wa kipato kidogo wapate nafasi, na vijana walilala kwenye foleni barabarani kuvigombea, wengi wao wakiwa wameshaiona.

Tofauti ni kwamba kule mtazamaji hukaa kimya gizani na kupiga makofi mwishoni. Hapa kwetu taa ziko juu ya watazamaji pia, na anayeinuka katikati ya wimbo ndiye anayesubiriwa.

Hesabu ya shabiki

Mapenzi haya yana bei, na ni vizuri kuijua kabla. Tuchukue mfano. Tuseme kiingilio ni shilingi 5,000, nauli ya kwenda na kurudi 6,000, chakula na soda 4,000, na ya kutunza 10,000. Usiku mmoja ni 25,000. Ukifuata siku tatu za Idd ni 75,000. Ongeza sare ya 30,000, jumla inafika 105,000. Weka bei za kwenu ujionee mwenyewe.

Kwa kaya inayongoja mavuno ya mahindi au machungwa, hiyo si fedha ndogo. Tatizo tunaloliona si mtu kwenda kwenye taarabu. Tatizo ni kwenda kwa fedha ya mkopo wa VICOBA uliochukuliwa kwa ajili ya biashara, au ya ada ya mtoto, kwa kuogopa kuonekana huna mbele ya wenzako. Makundi yanayodumu ni yale yanayoanza kuweka akiba miezi kadhaa kabla, na yasiyomcheka mwenzao aliyepiga hatua hadi jukwaani na noti ya 1,000.

Kabla ya kutoka nyumbani

Panga fedha ya kutunza kabla, na uivunje ziwe noti ndogo. Shilingi 10,000 kwa noti za 1,000 inakupa nafasi kumi za kuinuka. Noti moja inakupa mara moja tu.

Tenga nauli ya kurudi mbali na fedha nyingine. Onesho lililotangazwa kuanza saa tatu usiku linaweza kuanza saa nne au tano, na daladala za kurudi vijijini huwa zimekwisha. Kodini gari kwa pamoja mapema, au panga kulala kwa ndugu mpaka alfajiri. Usipande bodaboda peke yako na dereva usiyemjua.

Mwachie mtu wa nyumbani namba ya simu ya mwenzako mmoja, siyo yako tu. Simu huisha chaji.

Kuhusu kurekodi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na wasanii. Chukua picha yako na wenzako kwa kumbukumbu, lakini usirekodi onesho zima na kulisambaza. Wimbo mpya ukifika Pangani kwenye simu kabla kikundi hakijafika, viti vya Pangani vitakuwa vitupu, na mwakani gari lao halitakuja.

Mwisho, mume au mke anayebaki nyumbani aelezwe mapema unakwenda wapi, na nani, kwa fedha ipi, na utarudi lini. Ugomvi mwingi wa asubuhi ya Idd tatu huanzia hapo, wala si kwenye muziki.