Risasi Mbili na Mashine Moja

Tarehe 26 Julai 1881, Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aliingia Ikulu ya Marekani na koili za waya, betri na kipande cha simu cha kusikilizia. Kitandani alilala Rais James Garfield, mwana wa Ohio, aliyepigwa risasi siku 24 kabla katika stesheni ya treni ya Washington. Risasi moja ilikuwa bado mwilini. Madaktari walikuwa wameitafuta kwa vidole na vyombo visivyosafishwa, wasiipate. Koili za Bell zikipita juu ya metali, mwenye kusikiliza alipata mvumo sikioni. Usiku ule sauti ilikuwa hafifu mno. Akarudi tarehe 1 Agosti, na safari hii mvumo ukaenea sehemu kubwa ya mwili, kana kwamba mgonjwa amejaa risasi tele. Baadaye ikajulikana kwamba kitanda kilikuwa na springi za chuma. Tena daktari mkuu, Willard Bliss, aliamini risasi iko upande wa kulia na akaruhusu upimwe huo tu. Ilikuwa kushoto. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba.

Historia ya detekta ya metali inaanzia karibu na kitanda hicho, na tabia yake yote ilionekana palepale. Inasikia metali. Haijui ni metali gani, ni ya nani, wala imefikaje pale ilipo. Hayo anapaswa kuyajua aliyeishika.

Miaka 20 baadaye msiba ulirudi, safari hii mjini Buffalo. Rais William McKinley, aliyekuwa gavana wa Ohio mjini Columbus kuanzia 1892 hadi 1896, alipigwa risasi mbili na Leon Czolgosz tarehe 6 Septemba 1901, katika Ukumbi wa Muziki wa maonyesho makubwa ya mji huo. Moja ilimparuza ikaanguka. Ya pili iliingia tumboni, na madaktari waliompasua jioni ile, wakimulikiwa kwa mwanga wa jua ulioakisiwa na kioo, hawakuiona. Mashine ya eksirei ilikuwepo kwenye maonyesho hayohayo. Haikutumika. Alifariki tarehe 14, na hata maiti ilipopasuliwa risasi haikupatikana. Leo mahali hapo ni mtaa wa makazi, Fordham Drive, na alama yake ni jiwe moja kwenye nyasi.

Kutoka kitandani kwa mgonjwa detekta ilihamia shambani. Gerhard Fisher, mhamiaji kutoka Ujerumani, alipata hataza ya detekta ya kubebeka mwaka 1937. Vita Kuu ya Pili vikaileta jeshini: Józef Kosacki wa Poland alibuni ya kugundua mabomu ya ardhini, nayo ilitumika El Alamein mwaka 1942. Vita vilipokwisha, mashine zilizobaki ghalani ziliuzwa kwa raia, na wasaka hazina wakapatikana.

Pitia ufukwe wa Ziwa Erie asubuhi ya kiangazi, karibu na Buffalo, utamkuta mmoja. Amevaa spika za masikioni, anapunga koili kushoto na kulia, chini kabisa, karibu iguse mchanga. Mlio ukikatika vipandevipande ni msumari wenye kutu. Ukiwa mzito na mfupi, anapiga goti, anachota mchanga kwa chekeche ya mkono, anautikisa. Mara nyingi ni kizibo cha soda. Siku moja moja ni pete ya ndoa iliyochopoka kidoleni mwa muogeleaji, na sioni ubaya wowote katika kazi hiyo. Mawimbi yameshachanganya kila kitu. Hakuna mpangilio wa kuharibu.

Shambani ni jambo jingine. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba katika shamba la mahindi Kentucky, jimbo la Louisville, zimepatikana sarafu za dhahabu zaidi ya 700, za kati ya 1840 na 1863. Shamba lenyewe halikutajwa. Wengi wanakisia kwamba tajiri mmoja alizifukia akiogopa uvamizi wa Jenerali John Hunt Morgan wa majeshi ya Kusini, aliyevuka mto Ohio huko Brandenburg, mkondo wa chini kutoka Louisville, Julai 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Morgan alikamatwa mwezi huohuo, akafungwa gereza la Columbus, na Novemba akatoroka na wenzake kupitia njia iliyochimbwa chini ya sakafu. Kisa ni kitamu, na huenda ni kweli. Lakini bila kujulikana shamba, hakuna wa kuuliza nyumba ilikuwa ya nani, wala sarafu zilifukiwa umbali gani kutoka mlangoni. Dhahabu imepata bei yake, nasi tumebaki na makisio.

Kuna uharibifu usiohitaji hata mashine. Mwaka 1987, huko Slack Farm karibu na Uniontown, magharibi mwa jimbo hilohilo, wanaume kumi walilipa dola 10,000 wachimbe walivyotaka. Waliacha mashimo zaidi ya 450 na mifupa ya mamia ya Wenyeji wa Marekani imetapanywa juu ya ardhi, kwa ajili ya vyungu vya kuuza. Kufukua makaburi hayo kulihesabiwa kosa dogo. Hasira iliyozuka iliifanya Kentucky ilifanye kuwa kosa kubwa, na ilisaidia kuzaa sheria ya taifa ya 1990 kuhusu makaburi na mabaki ya Wenyeji hao.

Mashine ileile, mikononi mwa watu wenye subira, ilifanya mengine. Moto wa nyika ulipounguza uwanja wa vita wa Little Bighorn, Montana, mwaka 1983, wanaakiolojia Richard Fox na Douglas Scott waliingia na wenye detekta waliojitolea. Kila mlio uliwekewa kibendera, na kila ganda la risasi likaandikwa lilipolala na lilielekea wapi, kabla halijainuliwa. Kwa alama ya pini kwenye kitako cha ganda waliweza kufuata bunduki moja kutoka kilima hadi kilima. Waliyosimulia Walakota na Wacheyenne, waliopigana pale na jeshi la Marekani, kwa miaka 100 bila kuaminiwa yakathibitika kwa sehemu kubwa.

Kiswahili kinasikika leo Louisville, Columbus na Buffalo, kwa Wakongo na Wasomali Wabantu waliohamia huko, na ndiyo maana nawaandikia hata wao. Kwetu Afrika Mashariki wapo wanaozunguka na detekta wakitafuta “mali ya Mjerumani” kwenye maboma ya zamani. Wanaota sarafu ya Tabora ya rupia 15, iliyopigwa katika karakana ya reli mwaka 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Wenzake wa mbali ni sarafu za shaba za Kilwa: mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota tano mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Alizitunza hadi 1979 ndipo akazipeleka kuchunguzwa. Zilifikaje huko, mabingwa bado wanabishana. Ningetoa rupia zote za Tabora kwa daftari moja la Isenberg la siku ile.

Ng'ambo ya Buffalo, Fort Erie upande wa Kanada, wajenzi waliochimba msingi wa nyumba ya ufukweni mwaka 1987 walikuta mifupa. Kazi ilisimama, wanaakiolojia wakaitwa. Vifungo vya makoti vilivyokuwa bado kifuani viliwatambulisha: wanajeshi wa Marekani wa vita vya 1812 hadi 1815. Mwaka 1988 miili 28 ilirudishwa kwa heshima za kijeshi ikazikwa Bath, jimbo la New York. Vifungo vile kama vingenyofolewa na kuuzwa, askari wale wasingerudi kwao.

Na katika Delaware Park, Buffalo, kuna jiwe jingine kubwa katikati ya uwanja wa gofu. Chini yake na kuzunguka wamelala askari wapatao 300, waliokufa kwa maradhi kambini Flint Hill majira ya baridi ya 1812 na 1813. Huenda vifungo vyao vimo humo humo ardhini, kila kimoja kifuani pa mwenyewe.