Kitabu cha kidato cha kwanza kilichopitia Dodoma

Mtoto wa Kigogo wa Chamwino, mkoani Dodoma, hukua akisema Kigogo. Akianza shule anakutana na Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia inamjia kwa Kiingereza. Kwa Mrangi wa Kondoa na Msandawe wa Chemba hali ni ile ile.

Serikali iliambiwa zamani juu ya tatizo hili. Mwaka 1982 tume ya rais chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili, pendekezo likakataliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi, wakakuta wengi wao hawawezi kujifunza kwa lugha hiyo. Ajabu ni kwamba walishauri iendelee kutumika, ila ifundishwe vizuri zaidi.

Baada ya hapo wasomi wakagawanyika kambi mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kuanzia 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Oslo na Afrika Kusini, walifundisha madarasa ya majaribio kwa Kiswahili na kuonyesha kuwa wanafunzi walielewa zaidi. Ushahidi ukaongezeka, sera ikabaki pale pale.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea wanafunzi 2007, kikitumia ukumbi wa Chimwaga uliokuwa wa CCM. Huko ndiko alikofanya kazi Profesa Casmir Rubagumya, aliyekuwa amehariri kitabu juu ya lugha katika elimu ya Tanzania tangu 1990. Katika muongo uliofuata, chuo hicho kiliungana na Chuo Kikuu cha Bristol, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Taasisi ya Elimu Tanzania. Swali lao halikuwa kubwa kama la Makweta: kitabu cha kidato cha kwanza kiandikweje ili mtoto kama yule wa Chamwino akisome?

Wakaandika sura za majaribio za hisabati, baiolojia na Kiingereza. Sentensi fupi, picha nyingi, maneno magumu yakifafanuliwa kwa Kiswahili, na mazoezi ambayo wanafunzi hujadili kwanza kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Walimu waliziona zikihalalisha jambo walilokuwa wakilifanya kwa kujificha. Kibao ukutani kinaamuru Kiingereza tu, lakini macho ya darasa yakikodoka, mwalimu anageukia Kiswahili.

Watetezi wa Kiswahili husema kitabu cha namna hiyo ni kiraka tu. Wana haki, na mimi nipo upande wao. Lakini aliyeingia kidato cha kwanza wakati huo asingeweza kusubiri baraza la mawaziri libadili mawazo. Kuwepo kwa Taasisi ya Elimu mezani kulikuwa na maana pia, kwa kuwa ndiyo inayoandaa mitaala. Mbinu hiyo haikuishia kwenye majarida ya kitaaluma ambayo mwalimu wa shule ya kata hayaoni kamwe.

Sera ya elimu ya 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia ngazi zote. Masomo mengi ya sekondari bado yanafundishwa kwa Kiingereza.