Soli za Ndani ya Viatu: Zinasaidia Lini Maumivu ya Miguu?

Njia nyingi za Mwanza, Mkolani ikiwemo, ni za vilima na mawe. Mama huzipita kila siku akiwa na ndoo kichwani au mtoto mgongoni, mara nyingi akiwa amevaa kandambili. Miguu ikianza kuuma, huenda ukashauriwa kununua soli za kuweka ndani ya viatu. Kabla ya kutoa pesa, soma haya.

Soli ya ndani hufanya nini?

Ni kipande laini cha raba, sponji au ngozi kinachokaa chini ya unyayo. Hupunguza mshindo unapokanyaga na kugawa uzito wa mwili kwenye unyayo wote. Haitibu ugonjwa. Hupunguza maumivu wakati mguu ukiendelea kupona.

Inasaidia lini?

Je, ukiamka asubuhi hatua za kwanza zinachoma kisiginoni, kisha maumivu hupungua ukitembea kidogo? Huenda utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni umeumia. Huwapata sana watu wanaosimama muda mrefu na walioongezeka uzito. Wengi hupona baada ya miezi kadhaa, na soli ya ndani inaweza kuwapa nafuu.

Jinsi ya kuitumia

- Kwa maumivu ya kisigino, soli ya bei nafuu ya dukani kwa kawaida husaidia sawa na ile ya kutengenezewa kwa kipimo.
- Iweke kwenye kiatu kilichofunika mguu, kisichobana, chenye kamba au mkanda. Kwenye kandambili haikai.
- Weka pande zote mbili, hata kama unaumwa mguu mmoja.
- Siku ya kwanza vaa kwa saa moja tu, kisha ongeza kidogo kidogo. Ikikuumiza zaidi, itoe.
- Nyoosha kigimbi kila siku: shika ukuta, peleka mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino kimegusa chini. Hesabu hadi 30. Rudia mara 3.

Je, mtoto mwenye unyayo bapa anahitaji soli?

Kwa kawaida hapana. Karibu watoto wote wadogo wana unyayo bapa, na upinde wake hujijenga kadiri wanavyokua. Kama mtoto anakimbia na kucheza bila maumivu, mwache acheze, hata pekupeku pale palipo salama.

Usiishie kwenye soli

Baadhi ya maumivu yanahitaji hospitali, na kuyachelewesha ni hatari. Nenda kituo cha afya ukiona:

- Mtoto mchanga au mdogo amevimba mikono au miguu na analia akiguswa. Hii inaweza kuwa dalili ya mwanzo ya selimundu, ugonjwa wenye wagonjwa wengi Kanda ya Ziwa. Kipimo chake ni cha damu, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina kliniki ya selimundu.
- Mtoto anachechemea au hataki kukanyaga, hasa akiwa na homa. Mpeleke siku hiyo hiyo.
- Mjamzito au aliyejifungua karibuni amevimba mguu mmoja na unauma, au ana uvimbe pamoja na kichwa kuuma sana au kuona ukungu. Hii ni dharura.
- Mwenye kisukari ana ganzi, kidonda au malengelenge mguuni. Asijiwekee soli bila ushauri, kwa sababu inaweza kumchubua asihisi.

Kwa maumivu ya kawaida ya kisigino, jaribu soli na mazoezi kwa wiki chache. Usipopata nafuu, muulize mhudumu wa afya akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ukienda, beba viatu unavyovaa kila siku. Namna vilivyolika chini itamwonyesha jinsi unavyokanyaga.